Akiba ya Watu

Mama yangu hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa na watu wachache. Alilisema waziwazi, mbele ya watoto na wageni, huku akimenya ndizi, kama mtu mwingine anavyolalamika kwamba bati linavuja. Kwa hiyo hakukosa msiba hata mmoja pale kijijini kwetu Suma, wala ile ya vijiji vya jirani ambayo miguu yake iliweza kumfikisha. Akisikia kilio alijifunga kanga ya pili, akajitwika mkungu wa ndizi, akatoka. Kama hakukuwa na mkungu alibeba kuni. "Ninajiwekea akiba ya watu," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa mwanaye wa mwisho, niliyebaki naye nyumbani, na cherehani yangu ilikaa barazani. Nguo za wateja wangu zilichelewa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya maiti ambao sikuwajua hata kwa sura.

Ndiyo maana nilinuna kanisa lilipotuletea mmisionari. Nilikuwa na mama mmoja ambaye hatulii nyumbani, sasa nikaongezewa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuzunguka.

Alikuwa msichana wa Kenya, wa mjini Nakuru, mdogo kiasi kwamba wazee wa kanisa walipomwita "mtumishi" niliona haya kwa niaba yake. Walimleta kwetu kwa sababu tulikuwa na chumba kitupu tangu kaka yangu ahamie Mbeya, na kwa sababu mama hakujua kumkataa mgeni. Alipangiwa kukaa mwaka mzima, atembelee nyumba za watu, afundishe watoto wa Jumapili na kuwaombea wagonjwa. Alishuka kwenye bodaboda mvua ikinyesha, begi lake limeviringishwa kwenye nailoni, miguuni amevaa raba nyeupe. Raba nyeupe, Suma, masika! Nilizitazama nikajua kwamba huko alikotoka hakuna mtu aliyemwambia lolote kuhusu huku alikokuwa anakwenda.

Tulidhani lugha haitatusumbua, maana Kiswahili na wao wanacho. Jioni ile tukiwa tunakula alimgeukia mama akasema, "Nipatie maji," bila hata kusema naomba. Mama akampa. Kisha akaniuliza kwa Kinyakyusa kama huyu ametumwa na kanisa au na polisi. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mgeni naye akacheka, bila kujua anachekea nini, na hapo hasira yangu ikapungua kidogo.

Asubuhi yake aliwasalimia wazee wetu akiwa amesimama wima, mkono ameutanguliza mbele kama mgombea udiwani. Mama akamwita pembeni akamwonyesha jinsi mwanamke wa kwetu anavyokunja magoti kidogo, anavyoshusha macho, na anavyosema *ugonile*. Alishika haraka. Alikuwa mtu wa kushika haraka kila kitu, na kila kazi aliitaka yeye. Alifagia uwanja nilioufagia. Aliteka maji hali pipa limejaa. Nikimwambia apumzike hujibu, "Nimekuja kutumika, dada, sikuja kukaa." Nadhani sentensi hiyo aliibeba kutoka mafunzoni kwao, na aliirudia mara nyingi mpaka mama akawa anaiigiza jikoni akiwa peke yake.

Mchana nilifunika cherehani nikamsindikiza kwenye nyumba za watu. Alisema vizuri, hilo sitamnyima. Hakupiga kelele, hakutisha watu kwa moto wa jehanamu, na alijua kunyamaza mwenye nyumba anapoanza kueleza habari za mguu wake unaouma. Tatizo lilikuwa ndizi. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa watu akaondoka mikono mitupu, na mgeni wa mbali ndiyo kabisa. Tulitoka na Biblia, tukarudi na mikungu. Yeye aliona aibu kupokea, akajaribu kukataa mara moja, na mwenye nyumba akanitazama mimi kana kwamba nimemletea mtu wa kumtukana. Baada ya hapo alipokea. Alijifunza kushukuru kwa *ndaga fijo* na kujitwika, na raba zake zilikuwa zimeshakuwa nyekundu kwa matope kama viatu vyetu sote.

Siku moja ya wiki hiyo ya kwanza tulikuta milango imefungwa kijiji kizima. Hata kwenye mashamba ya chai hapakuonekana mgongo wa mtu.

"Wamenitoroka?" akauliza. Hakuwa anatania.

Nikamwambia kuna msiba kijiji cha juu, na kwetu msiba ukilia hakuna anayeshika jembe wala kuchuma chai mpaka mtu azikwe. Mama alikuwa ameshakwenda tangu alfajiri. Tukapanda na sisi. Tulimkuta kwenye moshi pamoja na wanawake wenzake, masufuria makubwa yamejipanga juu ya mafiga, na vijana wa kiume wakipokezana kuchimba kaburi nyuma ya migomba. Mgeni wetu alitafuta kisu akaanza kumenya ndizi bila kuambiwa. Alipopata nafasi alimuuliza mama kama alimfahamu marehemu.

"Simjui," mama akasema. "Ila dada yake aliwahi kuja kumzika mume wangu."

Tuliporudi aliniuliza inakuwaje mtu asipokwenda. Nikamwonyesha nyumba moja kando ya barabara, ya bati jipya, yenye madirisha mazuri. Wenye nyumba ile walipata habari kwamba kijana wao amefariki Dar es Salaam. Wakanyamaza nayo, maana chai ilikuwa imekomaa na walitaka kwanza wachume. Walilia baada ya kuuza. Watu walikuja kuwapa pole, hawakusema neno. Lakini mwaka uliofuata bibi wa nyumba ile alipokufa, jua lilifika utosini na jembe bado limeegemea ukuta. Mwishowe wajukuu wake walimchimbia wenyewe, wakiwa wamevaa suti zao za msibani. Nilimwambia kwamba huku mtu anaweza kusamehewa wizi, na hata kuiba mke wa mtu kuna siku kutasahaulika, lakini kuficha msiba ni kuwaambia majirani kwamba huwahitaji. Nao wanakuamini.

Alinisikiliza akatikisa kichwa. "Kwetu ploti, kwenye vyumba vya kupanga," akasema, "mtu anaweza kufa chumba cha tatu, na wewe ujue kwa kuona gari la mochari."

Niliona hiyo ni habari ya kusikitisha, nikaendelea na safari.

Jumatatu iliyofuata alipanda kilimani kupiga simu. Wakati ule mtandao Suma ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye banda la kupimia majani ya chai, huko juu. Alikawia. Aliporudi alisema amechoka, akala vijiko vichache, kisha akatoa nguo zake zote, hata zilizokuwa safi, akazifua wakati mvua inanyesha. Mama alisema huenda ni desturi ya Kenya. Jumanne alikwenda kwenye nyumba za watu kama kawaida na nikawa naye. Jumatano vilevile. Aliomba, akaimba na watoto, akamchekesha mzee mmoja aliyekuwa hajacheka tangu mvua ianze. Nilimwambia siku hiyo alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alinishukuru.

Jumatano hiyo jioni mama alikuwa anapukuchua maharage uwanjani mchungaji alipoingia na wazee wawili wa kanisa. Hawakukaa. Mchungaji alivua kofia akasema, "Mama, poleni sana na msiba."

Mama aliangalia nyuma yake, kama mtu anayetafuta ni nani anayeambiwa.

Mchungaji alikuwa amepigiwa simu huko juu kilimani na viongozi wa msichana huko Kenya. Baba yake alifariki Jumatatu asubuhi. Walitaka kujua mtoto anaendeleaje.

Mtoto alikuwa mlangoni, ameshika ufagio. Mama alimuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli. Alimuuliza kama alijua tangu Jumatatu, akasema ndiyo. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza kama hakunisikia siku ile, kama alidhani ile nyumba ya bati jipya nilimwonyesha kwa ajili ya uzuri wake. Nilipandisha sauti mbele ya mchungaji na wala sikujali. Mgeni alizika maneno tumboni, lakini nyumba iliyoficha msiba sasa ilikuwa ya mama yangu. Miaka yote ile ya kubeba mikungu kwenye matope! Kwa siku mbili majirani walikuwa wamechuma chai, na kwetu moshi ulifuka kama kawaida juu ya kifo.

"Dada, matanga iko kwetu," akasema taratibu. "Mwili uko mochari huko. Hapa hakuna mtu anamjua baba yangu. Sikuona vile ingekuwa msiba wenu."

"Mbona hukuenda?" mama akauliza.

Aliuzungusha ufagio mkononi. Kisha akasema baba yake ndiye aliyemsindikiza stendi, akiwa tayari anaumwa, na alimwambia asigeuke nyuma. Na kwamba anajijua. "Nikirudi saa hii, sitakuja tena. Na huku sijafanya chochote bado."

Mama aliweka ungo chini. Alikung'uta maganda ya maharage kwenye kanga yake, akatoka hadi katikati ya uwanja, akaweka mikono kichwani, akalia. Alilia kile kilio chetu cha kutangaza, kile kinachovuka bonde. Alimlilia mwanamume wa Nakuru ambaye hakulijua hata jina lake, akamwita *tata*, yaani baba, akamwita mzazi mwenzangu. Mgeni alidondosha ufagio. Mimi nilisimama nikiwa na aibu ya kelele zangu, kisha nikaenda nikalia naye, maana mtu halii peke yake.

Jirani wa kwanza alifika kabla kilio hakijaisha. Baada ya muda mfupi uwanja ulijaa. Watu walikuja na mikeka, kuni na ndizi, wanaume wakatafuta turubai. Mwisho akaja bibi mmoja wa upande wa chini wa kijiji, ambaye akina mama walimchagua kusimamia misiba yote ya hapo. Hakuwa na cheo kingine na hakukihitaji. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akauliza swali ambalo huulizwa kila mara.

"Amekufa lini?"

Mama alifungua kinywa. Naamini angesema kwamba habari tumezipata leo, na isingekuwa uongo, lakini isingekuwa kweli yote. Niliomba aseme hivyohivyo. Sikuwahi kuomba kwa bidii kama ile hata kanisani.

Msichana akasimama. Alikunja magoti kama alivyofundishwa, akashusha macho. "Jumatatu," akasema. "Mimi nilijua Jumatatu. Mama hakujua, dada hakujua. Nilinyamaza mimi."

Waliokuwa wanapasua kuni walisimama. Niliwatazama wale watu mmoja mmoja, wale ambao mama alikuwa amewabebea mikungu, nikajaribu kusoma nyuso zao, na sikusoma kitu. Niliogopa. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bibi alimwashiria yule mtoto asogee.

"Gwe mwana," akasema, kwa Kiswahili chake kile kisicho na r, "una mama?"

"Ninaye."

"Yuko mbali?"

"Mbali."

"Basi hapa ulitaka ulie na nani? Na ufagio?"

Kisha bibi akawageukia wengine. Alisema tumechuma chai siku mbili juu ya maiti, na siku hizo ni za marehemu, tumemwibia. Kwa hiyo tutakaa mpaka azikwe huko kwao, kisha tutamwongezea siku zake mbili. Hakuuliza kama kuna mwenye neno. Wanaume wakaendelea kufunga turubai.

Msichana, kwa mazoea, akaokota kisu aanze kumenya ndizi. Bibi alimnyang'anya. Mfiwa hafanyi kazi, hapiki, hachoti maji. Anakaa kwenye mkeka na watu wanakuja kukaa naye.

"Lakini nimekuja kutumi—"

"Kaa," bibi akasema.

Akakaa. Nimeona watu wakipewa kazi nzito, lakini sijaona mtu aliyetaabika kama yule siku ile ya kwanza ya kukaa bure. Mikono yake haikujua iende wapi. Siku ya pili alianza kujibu waliompa pole. Siku ya tatu mwanamke mmoja alimuuliza baba yake alipenda kula nini, swali la kawaida tu, akasema alipenda chapati za jana, zilizolala. Kisha akalia, kwa sauti, kamasi zikimtoka, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yangu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilishona vifungo vya shati la mtu pale pembeni na nilivishona vibaya.

Mazishi ya Nakuru yalikuwa Jumamosi. Ndugu zake walisema watamwonyesha kwa simu, lakini simu ilikuwa na faida juu kilimani tu. Bibi alisema basi msiba utapanda. Ukapanda. Tuliviringisha mikeka, wazee wakatangulia na fimbo zao, akina mama wakafuata na chupa za chai, na kundi zima likaenda kukaa kwenye banda la kupimia majani, kwenye sakafu ile yenye vumbi la chai. Hapakuwa na mahali pa kuegesha simu ili wote waone. Karani wa kituo aliitia kwenye mfuko wa neti, akautundika kwenye ndoano ya mizani, pale magunia ya majani hutundikwa. Mshale wa mizani haukusogea hata kidogo.

Tuliona jeneza, tukaona migongo ya watu, tukaona anga la kwao. Picha ilikatika, ikarudi. Walipoanza kumteremsha, akina mama wa Suma walianza wimbo wa Kinyakyusa bila kuambiana, na kule Nakuru watu wakageuka kutazama simu. Aliyekuwa anaongoza mazishi alinyamaza. Uso wa mwanamke ukaja karibu na kioo, umevimba kwa kulia.

"Hao ni nani?" akauliza.

"Ni majirani, mum," msichana akasema.

Yule mama alitutazama sote, waliokaa na waliosimama, wazee na fimbo zao. Alisema asante, na sauti ikakatika, nadhani ni mtandao.

Tulirudi chini, tukakaa zile siku mbili, kisha tukaanua tanga na watu wakaenda kuchuma chai iliyokuwa imekomaa kupita kiasi. Siku iliyofuata msichana alivaa raba zake na kwenda kwenye nyumba za watu. Hakuhitaji tena mimi kumsindikiza. Alimaliza mwaka wake. Alikosa misiba michache sana mwaka huo, na ile sentensi ya kutumika sikuisikia tena. Alipoondoka mama alimpa kanga, akamfungia ndizi mbichi kwenye begi, na mpaka leo sijui watu wa forodha wa Namanga walizionaje.

Mama alikufa masika yaliyopita, baada ya kuumwa kwa muda mfupi. Nililia uwanjani mimi mwenyewe, pale pale alipokuwa amesimama yeye. Majembe yalikuwa yamechukuliwa kabla umande haujakauka, na watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Nilitamani awaone. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote, kwamba akiba yote ile imefika na mwenyewe haioni.

Sasa mnara umejengwa na simu inashika hata kaburini. Ilipigwa wakati vijana wameshashusha jeneza na kupanda juu. Nilitaka kuikata. Ilikuwa simu ya picha, na alikuwa msichana wetu, niliyekuwa nimempelekea habari, mwenye sura ya mtu mzima sasa, na kanga aliyopewa na mama. Nyuma yake niliona uwanja mwembamba wa saruji kati ya safu mbili za vyumba, kamba za nguo zimefunguliwa, viti vya plastiki, na watu. Wengi. Mwanamume mmoja alikuwa amevaa sare za ulinzi. Mama yake msichana alikaa chini kwenye mkeka, amenyoosha miguu, kama vile alivyotuona tumekaa.

"Hao ni nani?" nikauliza.

"Ni majirani, dada."

Bibi wa upande wa chini, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, aliomba aone. Nilimsogezea simu. Aliitazama kwa makini, akipitisha macho kwa kila mmoja.

"Wameacha kazi?" akauliza.

Nikamuuliza msichana. Akasema wameacha tangu asubuhi.

"Haya," bibi akasema, na akawaambia vijana wafukie.